Safari ya Bosnia na Kaburi la Ibra

Mwanangu wa kiume ndiye aliyeileta habari ya Bosnia. Tumekaa ukumbini hapa Ibra, Omani, nje jua linachoma hata paka hatoki uvunguni mwa gari. Akaweka simu yake kando ya sinia ya tende, akasema kiangazi hiki tunakwenda sote: yeye, mkewe, mimi na dada yake.

"Huko mvua inanyesha, mama. Nyasi mpaka mlangoni."

"Nyasi za nini? Mimi ng'ombe?"

Wakacheka, isipokuwa binti yangu. Na safari yenyewe ilikuwa kwa ajili yake. Tangu mwanawe afe kwa gari njia ya Sur, chakula hali mpaka nimtie tonge mdomoni. Daktari alisema atolewe, akaone pengine.

Mimi sikusoma sana; nilihitimu msahafu, basi. Lakini majina ninayo kichwani. Kila Alkhamisi baada ya magharibi nawasomea Fatiha maiti wetu wote, jina kwa jina, wa Unguja na wa hapa. Wengine wa Unguja hata makaburi yao hatuyajui. Kwa hivyo mwanangu aliposema huko wamo Waislamu na Wakristo wa namna mbili, msikiti na kanisa vinatazamana, nikamwuliza:

"Na wanaelewana?"

"Sasa wametulia."

"Nimekuuliza, wanaelewana?"

Akakuna kichwa. "Waliuana, mama. Jirani kwa jirani."

 Hilo mimi sina haja ya kuelezwa; tuliliona Unguja.

Akaendelea kupitisha picha, mito, madaraja, mahoteli, mara ukatokea mlima mzima wa mawe meupe ya makaburi. Binti yangu akamnyang'anya simu.

"Haya yameandikwa majina," akasema.

Kwetu kaburi haliandikwi. Mwanamume mawe mawili, mwanamke matatu, mawe ya jangwani tu. Binti yangu aliwahi kuokota jiwe jeupe ufukweni Sur, akaliweka juu ya mwanawe kwa siri, asimpotee. Ikaja mvua, wadi, lile bonde kavu, likajaa maji, likashuka mpaka makaburini, jiwe likaenda nalo. Asubuhi yake akawa anazunguka pale analia, hajui aliye wake ni yupi. Mimi nikamshika mkono: nyuma ya mti wa miba, baina ya babu yake na bibi mmoja jirani yetu. Tangu hapo hajiamini. Kila Ijumaa lazima nimwonyeshe tena.

"Nitakwenda," akasema, "lakini mama abaki."

"Abaki? Na joto hili?" Kaka yake akahamaki. "Wallahi simwachi!"

"Tukiondoka sote, mvua ikija, nani atajua alipo?"

"Basi hatwendi. Khalas!"

Nami nilishaanza kuitamani ile mvua, nisimdanganye mtu. Lakini nikamtazama binti yangu, kiwiliwili kimebaki mifupa. Nikasema, "Mimi nabaki. Mtumishi wangu mtu wa Tanga, tutazungumza. Nyinyi nendeni."

Siku ya kufunga mizigo namkunjia binti yangu sweta, akanishika mkono.

"Mama, na ukifa wewe kabla sijarudi?"

 Nikavaa buibui, nikamwita kaka yake atupeleke.

Makaburini nikamwambia, "Leo tangulia wewe."

Akaupita mti wa miba, akasimama. Akanigeukia.

"Hapa?"

"Hesabu mawe. Huyo mwanamke."

Akasogea. Akanigeukia tena. Nikaangalia chini, nisimsaidie hata kwa jicho. Jua linatupiga, kaka yake yuko garini anafuta uso. Akakaa sana pale, akitazama mti, akitazama kaburi la babu yake. Mwisho akachutama, akaweka kiganja juu ya mchanga unaounguza, hakukiondoa. Akalitaja jina la mwanawe. Tangu tumzike hakuwahi kulitaja.

Mjukuu wangu alikuwa hapo hasa.