Nilimsingizia Mpwa Wangu Wazimu, Sasa Hawataki Kumtoa Wodini

Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji pia, maana huku mlimani akikohoa mmoja kijiji kizima kinampa pole. Nina miaka sabini na mbili, nilisoma hadi darasa la nne, na tangu nizaliwe sijawahi kumdanganya daktari.

Haya, hapo nimeshadanganya. Nimemdanganya mmoja, na ndiyo shida yenyewe.

Nina mpwa wangu, tumwite Deo. Amevuka thelathini, ila tangu kuzaliwa akili yake ni ya mtoto wa miaka mitano. Maneno yake hayafiki ishirini, lakini kabichi atabeba tenga zima kutoka shambani hadi barabarani, na kanisani anaimba kuishinda kwaya, wimbo wake mwenyewe. Mama yake, dada yangu, alishafariki. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mimi mjomba ndiye msemaji wake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwaresima hii Deo alianza kujipiga makofi shavuni na kugonga kichwa ukutani. Chakula hataki. Nikamteremsha hospitali ya mjini. Kwenye foleni mama mmoja akaninong'oneza: "Babu, siku hizi ni kuchangia. Ukisema anaumwa utalipa kadi, utalipa vipimo, mpaka sindano uje nayo. Sema kachanganyikiwa. Wodi ya vichaa bado bure."

Nikajiona mjanja. Daktari, kijana tu, akauliza, "Mzee, anasikia sauti za watu wasioonekana?"

"Anasikia, tena na za Kizungu!"

"Alianza lini?"

"Mwezi jana. Kabla ya hapo alikuwa mzima kama wewe."

Akaandika yote, akamlaza. Mimi nikapanda mlima najisifu.

Niliporudi baada ya wiki tatu nilimkuta kakaa kitandani, mate yanamchuruzika, mikono inatetemeka. Haimbi. Nilimwita mara tatu, hakugeuka. Muuguzi akasema, "Sasa ametulia." Ametulia! Hata jiwe limetulia! Shavu limevimba kama kaficha ndizi. Nikamfungua mdomo kwa vidole vyangu: jino la nyuma limeoza, harufu mpaka mlangoni.

Nikaenda kwa daktari, nikavua kofia. "Mwanangu, nilikudanganya. Huyu si kichaa, kazaliwa hivi. Anaumwa jino."

Akafungua faili. "Babu, ndugu wote husema hivyo wakishamkumbuka mtu wao. Siku ile ulisema alikuwa mzima."

"Yeye mwenyewe ulimuuliza?"

"Hajibu maswali."

"Sasa kama hajibu, hizo sauti alikwambia nani?"

"Si wewe, babu?"

 Nikavaa kofia yangu, nikaenda kwa daktari wa meno.

Wa meno naye hamgusi mgonjwa wa wodi ile bila barua ya daktari wake. Daktari wake anasema dawa ikipungua nguvu bado anajipiga, kwanza dozi iongezwe. Jamani, mtu anajipiga kwa sababu ya jino! Na mwisho wa mwezi huu wanampeleka hospitali kubwa ya mkoa mwingine, ambako sijui nitamfuata kwa miguu ipi. Kila wiki nashuka mlima kurudia ukweli uleule. Nadhani sasa wananitandikia kitanda na mimi.

Niambieni ninyi mnaojua mambo ya maofisini: mtu aliyefungwa na uongo wa mjomba wake anafunguliwa vipi?

Tena mmesoma mpaka hapa na hakuna hata mmoja aliyeniamkia. Shikamoo zangu hizo nawasamehe, ila mmoja wenu mwenye mwandiko wa kutisha anilipe kwa barua ya nusu ukurasa kwa huyo daktari. Aandike kwamba Deo kazaliwa hivi, kwamba jino linamuuma, na kwamba mwongo ni mjomba.