Mshonaji wa Karibu na Mlango
Kila Jumamosi, sisi tuliotoka Kongo tunakutana Gihundwe, ng'ambo ya mpaka, kujifunza kuandika hadithi. Mshonaji hukaa karibu na mlango, mkoba mapajani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mguu wake wa kulia hautulii. Hukanyaga sakafu kama unakanyaga cherehani. Kurasa zake huziunganisha kwa uzi mweusi. Hadithi yake ni ya asubuhi aliyotoka Bukavu, na kila mara huisoma mpaka pale mama yake anapobaki ameketi jikoni, kisha huikunja. "Nitamalizia," husema, akisugua kiganja.

Jumamosi iliyopita mwalimu wetu, Gaju, alimwambia, "Maman, kitabu yetu inaenda kuchapwa kesho kutwa. Mwisho iko wapi?" Mshonaji akatoka na simu. Tulimwona dirishani akizunguka uani, akimsomea mama yake yote, na sauti ya bibi huyo ikatufikia kutoka Bukavu: "Maharagi ilitokea wapi? Siku ile tulikula sombe!" Tukacheka. Aliposoma mpaka pale jikoni, aliacha kuzunguka. "Andika ni miye nilikatala kutoka," bibi akasema. "Usiandike kama uliniacha."

Alirudi, akafuta maharagi, akaandika sombe, yale majani ya muhogo. Nilipokusanya kurasa jioni, niliona ameandika kwamba mama alikataa kutoka. Chini yake, kwa herufi ndogo, ameongeza kwamba yeye hakumwomba mara ya pili.