Ndimu Kwenye Sikio la Tembo

Mniwie radhi kwa makosa ya maandishi na kwa mwandiko wangu unaolala upande. Shule niliishia darasa la sita, huko Kongo, na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili.

Mimi nafanya usafi kwenye hekalu la Wahindu hapa London. Mlangoni tunavua viatu, hata sisi wafanyakazi. Ndani ni marumaru nyeupe iliyochongwa kila mahali. Nguzo zina wacheza ngoma wenye bangili hadi kwenye viwiko, na kuba juu limechongwa kama ua linalofunguka kutazama chini. Chini ya ukuta wamepangwa tembo, hakuna wawili wanaofanana. Mmoja anamvuta mwenzake mkia.

Msimamizi wetu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, anakaa mtaa wa Stanmore, hapa hapa London. Alinichagua mimi kusafisha michongo kwa sababu, alisema, sina haraka. Kazi ni brashi laini, kavu, kuanzia juu kushuka. Basi.

Siku moja niliona doa la manjano kwenye sikio la tembo, pale wageni wanapopenda kupapasa. Nyumbani mama hung'arisha sufuria kwa ndimu. Nikaleta kipande cha ndimu, nikasugua. Doa likatoka, na mng'ao wa jiwe ukatoka nalo. Sikio likafifia kama chaki.

Hakuna aliyeniona. Hata hivyo nilienda kumwita mzee.

Alipiga magoti, akanusa. "Ndimu?"

"Ndiyo, baba."

"Binti, unapika pilau hapa?" Wenzangu walicheka, yeye hakucheka. "Hii jiwe inakuliwa na ndimu. Kuanzia leo wewe panga viatu."

Nikapanga viatu. Mimi naona haya kusema na watu, lakini wiki hiyo nilimfuata nikamwomba kipande cha marumaru kilichovunjika. Alinipa, pamoja na msasa laini kabisa.

"Haribu hiki kwanza," alisema.

Nikakitia ndimu kwa makusudi, kisha nikakisugua kwa msasa na maji kila jioni. Mama, ninayekaa naye, akauliza, "Jiwe hilo litakuoa lini?"

Mara tatu nilimpelekea mzee, mara tatu alikigeuza dirishani na kusema, "Bado, hapa pembeni." Mara ya nne alikitia mfukoni mwake. Alinipeleka kwa tembo, akaketi sakafuni karibu nami saa mbili nzima nikisugua.

Sikio sasa linang'aa, ila ukilitazama kwa upande utaona tofauti. Mzee anaiona. "Kesho rudi hapa," aliniambia, "viatu atapanga mwingine."

Nitasugua mpaka asiione. Kama wewe umewahi kufanya kazi ya marumaru, niandikie unavyofikia mikunjo ya ndani ya sikio, ambako kidole changu hakiingii. Hata mistari miwili itanisaidia.