Fimbo za Abu Fahad Pwani ya Uingereza

Siku yangu ya kwanza kazini Doha sikugusa fimbo ya gofu. Nilipewa kiti cha plastiki, sare ya kampuni ya ulinzi na geti la nyuma la klabu, lile la magari ya takataka na mbolea. Nyumbani Kenya nilikuwa kedi, yaani mtu anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumshauri namna ya kupiga, kwenye uwanja uliozungukwa na mashamba ya chai. Lakini ajenti aliyenileta alikuwa na nafasi za walinzi tu, na mimi nilikuwa na watoto shuleni. Nikakaa kwenye kiti.

Aliyenitoa getini ni Msimamizi wa Stoo, mtu wa Kerala, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kila alipopita nilimkumbusha kwamba kazi yake naijua, na kila mara alitikisa kichwa na kwenda zake. Halafu mfanyakazi wake mmoja akaenda likizo na hakurudi. Msimamizi alikuja getini asubuhi hiyo akaniambia nivue koti la mlinzi.

Stoo ndipo fimbo za wanachama zinapolala. Huko nilijifunza kubadilisha grip, ile ngozi ya mpira inayoshikwa na mikono, ambayo kwa joto la Doha hukauka na kupasuka upesi kuliko kwetu. Nilijifunza pia kufunga fimbo kwa safari ya ndege, na hapo ndipo Msimamizi alipokuwa mkali. Kichwa cha fimbo kubwa hufunguliwa kwa spana ndogo na kuviringishwa kwenye soksi. Vichwa vingine hufungwa pamoja kwa taulo visigongane. Katikati ya mfuko unasimamisha mti wa ufagio, mrefu kuliko fimbo zote, ili sanduku la safari linalobeba mfuko likidondoshwa kichwa chini, mti ndio upokee pigo. Nilipomuuliza kama hayo yote ni ya lazima, alinijibu, "Funga kama vile mpakiaji wa uwanja wa ndege amekukasirikia wewe binafsi." Nimewafundisha wengi sentensi hiyo, na hakuna fimbo iliyovunjika mikononi mwangu.

Meneja wa Uwanja, Mskoti aliyezunguka na kofia ya majani hata ndani ya ofisi, ndiye aliyenirudisha kwenye ukedi. Alinikabidhi kwa Abu Fahad. Huyu alikuwa mzee wa Kikatari mwenye shamba la mitende Umm Salal, mpole, mcheshi, aliyeanza gofu ujanani alipopelekwa Uingereza kujifunza Kiingereza katika mji wa mapumziko wa baharini. Jina langu ni Yona, lakini yeye aliniita Yunus tangu siku ya kwanza, na mpaka leo wapo watu Doha wasionijua kwa jina lingine.

Macho ya Abu Fahad yalikuwa yanakwenda. Mwanzo alipoteza mpira ukiwa angani, baadaye ukiwa chini, mwishowe alinitambua kwa sauti tu. Hakuacha kucheza. Tukatafuta namna. Nilipiga goti, nikaweka kichwa cha fimbo yake nyuma ya mpira, nikakilenga, nikamweleza umbali na upande wa upepo, kisha nikasogea pembeni. Yeye akapiga. Mpira ukishatua, nilimwambia ulipo. Kedi wa mtu asiyeona ana kazi hizo mbili, kulenga na kusema, na ukiharibu ya pili ya kwanza haina maana.

Mke wake alipofariki, mzee alikaa shambani na msiba wake. Kisha alisema anataka kucheza mara moja zaidi kwenye ule uwanja wa ujana wake. Mwanawe Fahad hakupenda. Fahad alikuwa amekalia kiti cha baba yake kwenye bodi ya klabu, ingawa hakuwahi kucheza gofu, na aliogopa baridi, aliogopa kuanguka, aliogopa zaidi baba yake kuvunjika moyo mbele ya wageni. Lakini mzee alishikilia, na mwanzoni mwa kiangazi tukasafiri watatu. Nililifunga sanduku mwenyewe na kulipeleka kwenye dirisha la mizigo mikubwa, kwa sababu haliingii kwenye mkanda wa kawaida, na sikuondoka mpaka nilipoliona limelazwa, si kusimamishwa.

Nyinyi vijana mnaotamani Uingereza, sikilizeni. Ule mji ulikuwa na ufuo wa mawe, si mchanga, mawe ya duara kama mayai yanayogongana kila wimbi linaporudi. Kulikuwa na gati refu la mbao lililoingia baharini, na safu ya vibanda vidogo vilivyopakwa rangi, ambamo wazee wa Kiingereza waliketi na mablanketi mapajani wakinywa chai na kuliita hilo joto. Shakwe mmoja alimnyang'anya Fahad kipande cha samaki mkononi. Abu Fahad alisimama kwenye ukuta wa bahari, uso ukielekea upepo, akatuonyesha kwa kidole kila kitu kilipokuwa zamani, na mara nyingi alipatia.

Jioni hiyo, kwenye ngazi za nyumba ya wageni, Fahad alinivuta kando. Alizungumza kwa adabu. Alisema kesho anataka baba yake awe na siku moja nzuri. Mpira ukipotea, nimwambie umefika vizuri; yeye atadondosha mwingine mahali panapofaa. Nilimjibu kwamba hiyo si kazi ya kedi.

"Yunus," alisema, "mimi sikuombi kama mwana tu."

Nilimwelewa. Visa yangu ilikuwa ya klabu, na bodi ndiyo klabu. Nilimwambia nitafikiri. Kusema kweli sikuwa na la kufikiri, ila sikutaka kubishana na mtu anayempenda baba yake.

Mashimo mawili ya kwanza yalikwenda salama, kwa sababu mzee alipiga vizuri na ukweli haukumuumiza mtu. Shimo la tatu lilifuata bahari, na ukuta wa mawe kushoto, upepo ukitoka nchi kavu. Nilimlenga kulia kabisa. Alipiga kwa nguvu. Mpira ulipanda, ukashikwa na upepo, ukavuka ukuta.

Fahad hakunisubiri, akamwita mzee yuba, yaani baba kwa Kiarabu cha kwao. "Umefika, yuba! Uko kwenye majani mafupi, karibu na bendera."

Mzee alitabasamu. Kisha akageuza uso upande wangu. "Yunus, mpira uko wapi?"

Fahad alikuwa ananitazama, tayari ameshika mpira mwingine mfukoni. Niliufikiria mkataba wangu na binti yangu aliyekuwa chuo cha uuguzi. Halafu nikasema, kwa sauti ile ile niliyoitumia kila siku Doha, "Abu Fahad, umevuka ukuta. Uko ufuoni, kwenye mawe."

"Najua," alisema. "Niliusikia."

Alisimama akiegemea fimbo. Tabasamu lilikuwa limeondoka, lakini hakuwa na hasira. Alinyoosha mkono mpaka akaupata wa mwanawe.

"Fahad, macho yaliondoka yenyewe. Mchezo usiniondolee wewe."

Fahad aliuachia mkono wa baba yake, akaenda mpaka ukutani, akatugeuzia mgongo. Nilikuwa na hakika kwamba nimejifukuza kazi, na ajabu yake sikujuta. Nilimfungulia mzee chupa ya maji, tukangoja. Wachezaji waliokuwa nyuma yetu tuliwapisha, wakapita wakivua kofia.

Fahad aliporudi, macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Hakuniambia neno la kazi wala la visa. Alisema, "Nionyeshe unavyofanya."

Nikamwonyesha pale pale, kwa mpira mwingine: goti chini, kichwa cha fimbo nyuma ya mpira, ukingo wake ukiangalia unakotaka kwenda. Alichafua suruali yake nzuri. Alilenga vibaya, nikamrekebisha mara moja, kisha nikachukua mfuko nikarudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu baba na mwana hawahitaji kedi wa pili.

Mzee akapiga. Mpira ulikwenda kulia ukazama kwenye shimo la mchanga. Fahad alisogea karibu naye.

"Umeingia mchangani, yuba."

"Mchanga wa namna gani?"

"Mbaya. Mbaya sana. Kuna ukuta mbele yake kama wa nyumba."

Basi Abu Fahad akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Ilimchukua mapigo mengi kutoka mchangani, na Fahad aliyataja yote, moja baada ya jingine, bila kuficha hata moja.

Tuliporudi Doha, kila Ijumaa asubuhi waliingia uwanjani wawili tu. Mimi nilibaki stoo. Siwezi kusema haikuniuma kidogo kumwona mchezaji wangu akiongozwa na mtu mwingine, lakini ulikuwa uchungu mzuri, kama wa kumwoza mtoto. Mkataba wangu ulipofika mwisho, ulitiwa saini upya bila maswali. Msimamizi alipostaafu kwenda Kerala, Meneja alinipa funguo zake, na nikazishika mpaka mgongo uliponiambia inatosha. Abu Fahad alikuwa amekwisha kufariki, kitandani kwake, akiwa na watu wake.

Sasa naishi Al Mansoura, mtaa wa hapa Doha, kwa binti yangu, muuguzi. Vijana wa nyumbani wanaofanya kazi hotelini na kwenye udereva huja kuniuliza kama ukedi ni kazi ya kudumu. Nawaambia ni kazi ya kutembea sana na kusema kidogo, na kwamba hicho kidogo unachokisema lazima kiwe kweli, hasa mbele ya mtu asiyeweza kukihakikisha.

Siku ya kuniaga, Meneja aliniuliza mbele ya wafanyakazi wote nani alikuwa bora kati ya watu wote niliotembea nao uwanjani. Walitegemea nimtaje mmoja wa wale wenye vikombe kabatini. Nilimtaja Fahad, ambaye hajawahi kupiga mpira hata mmoja.