Shimo la Mabata

Harufu ya turubai la plastiki lililolowa mvua bado hunirudisha Bagira, mtaa wetu wa Bukavu, nyuma ya nyumba yetu, kwenye ziwa lililonichanganya akili utoto wangu wote.

Papa, baba yetu, alikuwa karani, mtu wa kalamu, mikono laini. Msimu ule vita vilipoikaribia Bukavu, alianza kuchimba shimo nyuma ya jiko, la urefu wa kitanda na kina cha kumfika kiunoni. Mimi na dada yangu Furaha tulipomuuliza, alijibu bila kuinua kichwa, "Iko ziwa ya mabata." Bata hatukuwa naye hata mmoja, lakini tulifurahi mno. Tulianza hata kuwachagulia majina.

Mvua ya kwanza ikalijaza. Tukacheza, tukaimba. Papa akatoka na ndoo, akaanza kuyamwaga maji, uso umemkunjamana. Basi niambieni nyinyi, mtu achimbe ziwa, kisha aikasirikie mvua? Kesho yake likajaa tena, naye akarudi na ndoo, matope hadi magotini, akiyatazama mawingu kana kwamba yanamsema.

"Papa, juu ya nini unatosha maji?" Furaha alimuuliza, akimwona anayatoa. "Mabata itaogelea wapi?"

Aliyejibu ni maman, aliyekuja akamnyang'anya papa ndoo.

"Robine iko kavu, Papa Furaha. Unataka batoto bakufe na kiu mu shimo?"

Nilizidi kupotea. Kwamba bomba la maji limekauka nilijua, lakini nani alisema sisi tutakaa shimoni? Maman akalichukua turubai ambalo papa alikuwa ameliweka nyuma ya mlango, akalitandika ndani ya shimo, akauelekeza humo mfereji wa paa. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema. Papa akaingia ndani, akaketi, akalia. Nikadhani anawalilia mabata.

Wiki ile risasi zikafika mtaani kwetu. Tulijibanza uvunguni mwa kitanda, tukinywa maji yale aliyoyachemsha maman, na papa akalala upande wa dirisha, ametupa mgongo. Nilimwona mkaidi, kwa nini asituangalie.

Nimeelewa nikiwa na watoto wangu. Shimo lile alilichimba ili tujifiche. Maman alipochagua maji, na alichagua vema, papa hakubakiwa na kitu cha kutuficha nacho isipokuwa mgongo wake.