Samoni Mwenye Ufizi Mweupe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivalishwa suruali ya mpira iliyoungana na mabuti na kunifika kifuani, kisha nikaambiwa niingie mtoni. Ilikuwa Oktoba, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katikati ya jiji la Stockholm, pale maji ya ziwa yanapopita kwa kishindo chini ya madaraja na kuingia baharini. Juu yetu watu wa maofisini walikuwa wakivuka na mikoba yao. Mimi nilitoka Kagera, nimesomea uvuvi, nimeletwa kujifunza kutotolesha samaki. Baridi ya maji yale ilipenya kana kwamba sikuvaa kitu.

Msimamizi wa wavuvi alikuwa mtu mrefu, mkimya, jina lake Sixten. Wakati ule Waswidi walikuwa wameanza kuacha kuitana kwa vyeo, naye alitaka nimwite Sixten tu. Mdomo wangu ulikataa. Mtu wa umri wa baba yangu nimwite kwa jina kavukavu? Nilimwita Msimamizi mpaka alipostaafu, naye akazoea.

Hatukuwa tukivua samaki wa kula. Samoni huzaliwa mtoni, akakulia baharini, na vuli ikifika hupanda mto kwenda kutaga. Pale mjini changarawe ya kutagia ilikuwa imekwisha chini ya kuta na gati, kwa hiyo tuliwakamata kwa nyavu, tukawaweka kwenye tangi kubwa la kituo chetu cha kutotoleshea hadi mayai yapevuke. Hao tuliwaita samaki wazazi. Kisha tulimkamua jike: unamshika shina la mkia kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unateremsha kidole gumba tumboni polepole, mayai yanamwagika kwenye beseni kama shanga za rangi ya chungwa. Ndipo unakamulia juu yake mbegu ya dume.

Beseni lilipaswa kuwa kavu kabisa. “Maji yakitangulia,” Msimamizi aliniambia, “yai linafunga mlango.”

Nilidhani ananitania. Baadaye alinipa hadubini, nikakiona kitundu cha yai ambamo mbegu huingia, na nikaona kilivyoziba baada ya kuguswa na maji. Kwetu ningu, samaki wa Ziwa Viktoria, nao hupanda mito mvua zikinyesha, nasi tuliwangojea na mitego, tukawala pamoja na mayai yao. Sikuwahi kujiuliza kama yai lina mlango. Tangu siku ile nikawa mtu wa kuuliza, hata pale watu walipotaka kwenda kunywa kahawa.

Mafunzo yalipokwisha, kituo kiliniajiri niwe mtunza mayai. Nilipanga chumba Vårby gård, kitongoji cha kusini mwa jiji, pamoja na Perpetua, Mkenya aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuwa akinicheka: dada mzima umevuka bahari kuja kuwakamua samaki!

Vuli moja samaki walichelewa. Tulivuta nyavu tukapata magugu na chupa, na Mkuu wa kituo, bwana mwenye tai aliyeshuka mtoni mara chache, alianza kushuka kila asubuhi. Mwishowe walikuja, wachache lakini wakubwa, tukawajaza wote tangini. Siku ya kuwapima upevu nilimshika jike mmoja aliyekuwa na wekundu ubavuni. Alipofunua kinywa nikaona ulimi mweusi na ufizi mweupe, kama mstari wa chaki kuzunguka meno. Madoa ya mkia wake yalikuwa upande wa juu tu. Nikamwita Msimamizi, nikamuuliza huyu ni nani.

Aliinama akamfunua kinywa tena. “Sijui,” alisema. “Na mimi mto huu nimezaliwa kando yake.”

Daktari wa samaki alikuja kutoka maabara, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimtambua mara moja: ni koho, samoni wa bahari ya Pasifiki, upande mwingine wa dunia. Alikuwa na hakika kwamba ametoroka kwenye vizimba vya majaribio ya ufugaji huko pwani. Niliduwaa. Lakini Mkuu wa kituo alisikia jambo lingine. Samaki wa vizimbani huweza kubeba ugonjwa, na huyu alikuwa amekaa tangi moja na wazazi wetu wote. Akaamuru wauawe wote siku hiyohiyo.

Msimamizi hakupandisha sauti. Alieleza kwamba majibu ya maabara yatachukua siku kadhaa, na mayai yaliyopevuka hayangojei; yakizidi kukaa tumboni yanakufa. Aliomba tuwakamue sasa, mayai yawekwe kwenye trei za peke yake, zenye maji ya peke yake. “Majibu yakiwa mabaya,” alisema, “nitayachoma kwa mkono wangu.” Mkuu alimtazama, kisha akanitazama mimi, mtunza mayai. Nikasema nitayachoma pamoja naye. Akakubali.

Koho hakuwa na bahati hiyo. Daktari alihitaji figo yake ili akaipime ugonjwa. Msimamizi alimpiga kirungu cha kichwa, pigo moja, nami nikampasua. Tumbo lilikuwa limejaa mayai mekundu, makubwa, yaliyo tayari. Katika bahari ile yote huenda hapakuwa na dume wa aina yake. Daktari aliniambia kwamba koho wote hufa wakishataga, tofauti na samoni wetu ambao baadhi hurudi baharini. Nikamuuliza kwa nini basi alipanda mto ambao hakuzaliwa. Alijibu kwamba alinusa maji baridi, akayafuata, basi. Msimamizi akatikisa kichwa. “Alikuwa anatafuta,” alisema, akaenda kuosha kirungu.

Siku zile sikula vizuri. Perpetua alipika ugali na sukuma, akanisikiliza, asinicheke. Majibu yalipokuja Mkuu alishuka mwenyewe hadi kwenye trei kutuambia: hakuna ugonjwa. Msimamizi alikaa juu ya ndoo, akavua kofia, akafuta uso. Baada ya wiki kadhaa kila yai likaonyesha vidoa viwili vyeusi, macho ya kitoto kilichomo, na majira ya kuchipua tulikuwa na vifaranga wa kutosha kuujaza mto.

Msimamizi alistaafu, nikashika nafasi yake, na sasa nami nimestaafu, nakaa Norsborg, hukohuko pembezoni mwa jiji. Vijana wa kwetu tukikutana huniuliza nilijifunza nini katika kazi ile. Huwaeleza habari za beseni kavu, maana hizo ni rahisi. Lakini ninachokifikiria zaidi ni kwamba swali langu ndilo lililompeleka yule jike kwenye kirungu. Ningenyamaza, angekamuliwa pamoja na wengine, na mbegu ya samoni wetu ingepotea bure kwenye mayai yake. Hilo nalijua. Bado namwona akifunua kile kinywa mikononi mwangu, yu hai, ana nguvu, na mimi nikitaka mno kumjua. Ningeuliza tena. Ila ningemshika kidogo zaidi majini kabla ya kumwita mtu.