Chumba Kinachotazama Mto

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu, maana kilitaka msimuliaji anayejua kunyamaza.

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja ya intaneti hapa Lodwar, na mama msusi wa vikapu alikuwa akitafutiwa chumba Paris. Amealikwa kwenye maonyesho, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kitale. Dada wa saiba akamgeuzia kompyuta.

"Mama, hiki ni kizuri. Kinatazama mto, na chini kuna mkahawa. Meza zimepangwa mpaka kando ya maji."

Mama akainua pindo la leso yake kutoka sakafuni. "Hapana. Mto ukija usiku, nitakimbilia kwa nani?"

"Huko mto hauji, mama. Uko tu, siku zote."

"Basi hiyo ni mbaya zaidi. Hapa lagga ni mkondo mkavu wa mchanga, na mvua ya juzi iliponyesha ilibeba jiko langu na mbuzi. Nitafutie juu, mbali, pahali nitakula bila kuangalia maji."

Nikacheka mpaka kiti kikalia. Nikamwambia Wazungu wanalipa zaidi kulala karibu na mto.

Akanitazama kwa huruma. "Na wewe, baba, unalala wapi?"

Nikajifanya nasoma simu. Nyumba yangu iko ukingoni mwa lagga hiyo hiyo, na ploti niliichagua mwenyewe, kwa sababu ya mandhari.